Usukani Bado

Ukimtembelea na pikipiki, salamu yako ilisubiri. Kwanza alisimama mbele ya chombo chako, mikono nyuma, akikitazama kama mgeni ambaye bado hajaamua kumkaribisha. Halafu alichuchumaa, akaikamata ile miguu miwili ya chuma inayoshika gurudumu la mbele, chini kabisa, akafumba macho, akaivuta kwake, akaisukuma, akaivuta tena. Akisikia kitu kinacheza hata kidogo pale juu, shingoni mwa pikipiki, alifumbua jicho moja na kusema, "Hii imelegea." Baada ya hapo ndipo aliposimama, akajifuta mikono kwenye kikoi chake, akakupa salamu ndefu ya nyumbani, ya watoto na ya mifugo, hata kama huna kuku.

Mtaa wote wa Waberi ulimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumtibu mtu. Alikuwa afisa wa mifugo wa serikali mpaka alipostaafu, akichanja ngamia na mbuzi kuanzia huku kwetu Garissa mpaka Bura, na kabla ya hapo Tarbaj, kule Wajir. Jina lake nalijua, na ukoo wake naujua pia, maana mjini hapa huwezi kumaliza mwezi bila kuambiwa ukoo wa mtu. Sitauandika. Ukishautaja, kila msomaji anaanza kumtafuta binamu yake kwenye hadithi, na mimi ninataka mmwone yeye.

Mimi ni mtu wa Hola. Nilikuja kuuza vipuri vya pikipiki kwa muda tu, nijipange, nirudi nyumbani mtoni. Watoto wangu sasa wanagombana kwa Kisomali na mimi siwaelewi vizuri. Siku ya kwanza Daktari alipoingia dukani aliniuliza natoka wapi, nikamwambia, na tangu hapo jina langu likawa Hola. Hata mke wangu akija kuniulizia hapo sokoni, ilimbidi aulize Hola yuko wapi.

Pikipiki yake ilikuwa ya Kiingereza, nyeusi, nzee kuliko mimi. Ilikuwa mali ya idara kabla ya kupigwa mnada, na jina la kiwanda lilikuwa limefutika kwenye tangi kwa jua na kwa magoti ya waliomtangulia. Nusu yake ya nyuma ilikuwa aibu. Kiti kimechanika, mnyororo umekauka, taa ya nyuma imefungwa kwa uzi wa gunia. Injini aliwaachia mafundi wa sokoni na hakuuliza wameifanya nini. Lakini kuanzia kwenye tangi kwenda mbele, hakuna mkono wa mtu mwingine uliogusa pale. Ile miguu ya mbele ilimetameta. Alikuwa ameivika soksi za ngozi ya mbuzi ili mchanga wa barabara ya Fafi usiingie kwenye sili, zile pete za mpira zinazozuia mafuta yasivuje, na soksi zenyewe zilishonwa kwa mshono mzuri kuliko viatu vyangu.

"Injini ni kazi ya fundi," aliniambia nilipomcheka kwa ule mnyororo. "Injini ikikufa, unateremka unatembea. Usukani ikikufa, hauteremki."

Hakujifunza kazi hiyo kwa fundi yeyote. Aliifanya kama alivyompima ngamia. Alishusha kiganja taratibu kwenye mguu wa pikipiki akitafuta uvimbe na joto, na wallahi nimemwona akiupigapiga ubavu wa tangi kuutuliza. Kumwaga mafuta ya miguu ya mbele ilikuwa kwake kama kukamua. Alifungua skrubu ndogo chini, akaweka kopo, akaulalia usukani kwa kifua mpaka mguu ukajikunja na mafuta machafu yakatoka kwa msukumo. Halafu aliyanusa. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi aliridhika, yakiwa ya kijivu alisikitika siku nzima, maana chuma kilikuwa kinasaga chuma. Kila mguu alipouwekea mafuta mapya, alihakikisha miguu yote miwili imekunywa sawasawa, akisema mnyama akichechemea mbele haendi mbali.

Kazi aliyoipenda zaidi ya zote ilikuwa shingoni, pale usukani unapozungukia. Humo ndani mna vikombe vya chuma vinavyoitwa koni, na gololi zinazotembea katikati yake. Alizitoa zote, akaziosha kwa mafuta ya taa kwenye kichujio cha chai ambacho mkewe alikuwa amekisamehe zamani, akazitandaza kwenye sinia, kisha akazirudisha mojamoja akizilaza kwenye grisi. Kukaza nati ya juu ndiyo iliyokuwa siri. Ukiilegeza, gurudumu linatikisika. Ukiikaza mno, usukani unakuwa mgumu na gololi zinachimba koni, na siku moja barabarani unakata kona na usukani unakataa. Kwa hiyo alikaza, akalegeza kidogo, akasikiliza kwa vidole. Mwisho aliinua gurudumu la mbele juu ya kreti ya soda, akausimamisha usukani katikati na kuugusa kwa kidole kimoja. Ulitakiwa uangukie upande wenyewe, polepole, bila kusita popote.

"Kama kichwa ya mtoto amesinzia," alisema. "Ukiona hivo, iko sawa."

Ilikuwa nadra kumsikia akisema iko sawa. Maneno yake ya kila siku yalikuwa "usukani bado." Ukimuuliza kwa nini hakwenda Bura Ijumaa, usukani bado. Mtu akitaka kuazima pikipiki ampeleke mama yake kliniki, usukani bado, lakini hapo hapo alitoka mwenyewe kutafuta teksi na kumpandisha yule mama. Vijana wa bodaboda waliichukua ile kauli wakaifanya yao. Mtu akiulizwa ataoa lini, anajibu usukani bado, na sokoni kote watu wanacheka.

Tena haikuwa utani tu. Kuna harusi ya mpwa wake kule Bura ambako yeye ndiye aliyetakiwa kuzungumza kwa niaba ya upande wa bwana harusi. Akiwa njiani alisikia mlio mdogo shingoni. Mtu mwingine angeenda polepole. Yeye alisimama kwenye mchanga, akatandika kilemba chake chini, akafungua kila kitu, na ngamia wa watu wakaja kumzunguka kumtazama. Alipofika Bura nikahi ilikuwa imefungwa na watu wanakula. Dada yake hakumsemesha mpaka yule bibi harusi alipojifungua. Nilimuuliza ule mlio ulikuwa wa nini. Aliniambia kwa heshima kubwa kwamba ilikuwa punje ya mchanga.

Na kuna mwaka wa mafuriko, mto ulipoikata barabara na malori yakakwama ng'ambo ya pili. Dukani kwangu hapakuwa na kopo hata moja la grisi. Angeweza kungoja kama watu wengine, lakini alikuwa ameshafungua. Akaingia jikoni, akachukua samli, ile wanayoiita subag, akazilaza gololi humo. Kwa siku kadhaa alijisifu kwamba usukani haujawahi kuwa laini namna ile. Kisha joto likaja, samli ikayeyuka na kuteremka kwenye miguu, na mbuzi wa mtaa mzima wakahamia kwake. Ukipita ungewaona wamejipanga wanailamba pikipiki. Nyuma ya mbuzi wakaja siafu.

Mkewe alitoka nje, akasimama mlangoni, akasema bila kuinua sauti, "Chuma anakula subag. Mimi nakula chai na mkate kavu. Haya."

Binti yake ndiye aliyeziosha zile gololi, akikohoa kwa harufu, na ndiye aliyegundua kwamba mbili zilikuwa zimeanza kushika kutu. Wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi.

Sasa nimefika kwa binti, na nilikuwa nikizunguka makusudi.

Majirani zangu hawa wana desturi ambayo sisi wa mtoni hatuna. Mtoto akizaliwa, hasa wa kiume, anatengewa mnyama wake wa kwanza, ngamia jike akiwezekana, siku zile zile kitovu chake kinapofungwa. Wanaita huddun-hir. Mnyama huyo ni wake, na vyote vitakavyozaliwa na mnyama huyo ni vyake, na baba mwenye akili timamu hawezi kumuuza wala kumzuia mtoto akikua akimtaka. Mtoto wa kwanza wa Daktari alikuwa msichana. Wazee walikuja, wakanywa chai, mmoja akauliza kwa adabu kama kuna mnyama. Daktari akaonyesha kidole uani.

"Ile ndio ngamia yake," alisema. "Miguu ya mbele nzuri, hainywi maji."

Wazee walicheka sana. Hadithi hiyo nilisimuliwa na watu wengi, na wote waliisimulia kama kichekesho. Mkewe peke yake ndiye aliyeisimulia bila kucheka. Aliniambia kwamba wageni walipoondoka alimuuliza mumewe kama ametania, naye akamjibu kuwa jambo la kitovu halitaniwi.

Kwa hiyo yule mtoto alikua akijua ile pikipiki ni yake. Aliizungumza hivyo. "Ngamia yangu amekula?" aliuliza akirudi chuo cha Qurani, na baba akamjibu amekula, ana kiu ya mafuta. Alikuwa na vidole vya ajabu. Daktari mwenyewe alisema, na huyu si mtu wa kusifu, kwamba mkono wa mtoto unasikia zaidi ya mkono wake. Nilimwona msichana wa shule, mtandio umefungwa nyuma ya shingo usiingie kwenye grisi, akishika usukani wa boda mmoja mkubwa mwenye ndevu na kumwambia koni ya chini imechimbika upande wa kushoto. Boda alibisha. Wakafungua, ikawa vile vile, na baba yake akaangalia pembeni kuficha furaha. Zile soksi za ngozi ya mbuzi ni yeye aliyezishona.

Alipomaliza sekondari aliomba ufunguo.

"Usukani bado," akamwambia baba yake.

Likizo iliyofuata aliomba tena. Usukani bado. Mwaka ukaisha. Nami huku dukani nikawa namuuzia Daktari koni mpya, sili mpya, gololi mpya, na zile za zamani akaziacha juu ya meza yangu nizitupe. Nilizishika. Zilikuwa laini kama yai. Hakuna hata alama. Mtu huyu alikuwa anafungua usukani mzima, anaufunga, halafu anaufungua tena. Nilimuuliza, tena kwa upole, kama haoni kwamba ile shingo imeshapona zamani.

"Wewe uza, Hola," alinijibu. "Mimi na wewe hatujafungwa kitovu moja."

Nilikasirika wiki nzima, kisha nikaendelea kumuuzia.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba huyu ndiye mtu aliyezunguka Fafi yote akiwabembeleza wanaume wawaache binti zao wasome. Alianza na chanjo ya mbuzi na kumalizia na shule, kila boma. Kuna baba mmoja alimwambia hawezi, msichana ndiye anayechunga na siku ya mtihani hakuna mwingine. Daktari alimwambia, "Yeye aende, mbuzi nitachunga mimi." Na alichunga. Afisa mzima wa serikali, na kofia yake, alishinda juani na mbuzi wa watu mpaka msichana akarudi kutoka kwenye mtihani. Yule msichana sasa ni muuguzi hapa mjini na akimwona Daktari njiani anasimamisha watu wampishe. Kwa binti za wengine alikuwa hivyo. Kwa wake alikuwa na nati moja asiyoimaliza kukaza.

Watu walisema anaogopa maneno ya mtaa, msichana juu ya pikipiki. Na yeye mwenyewe alipobanwa na mkewe alisema hivyo hivyo, watu watasema. Mimi sikuamini. Mtu aliyewalisha mbuzi wa mtaa samli ya pikipiki mbele ya watu haogopi maneno.

Pia alikuwa mbishi kwa mwili wake mwenyewe. Wachungaji aliwahubiria kuhusu chumvi na maji safi, na kwenye chai yake aliweka sukari mpaka kijiko kikasimama. Ukimwambia, alikuuliza kama wewe ni daktari.

Binti hakugombana naye. Alikwenda chuo, akasomea kazi ile ile ya baba yake, akapangiwa Tarbaj. Siku ya kuondoka nilikuwepo stendi kwa shughuli zangu. Daktari alimbebea sanduku mpaka kwenye basi, akamwombea dua, akasimama pale mpaka vumbi lilipotulia. Ile pikipiki ilikuwa nyumbani, shingo wazi, gololi kwenye sinia.

Habari zilizofuata zililetwa na mfanyabiashara wa ngamia aliyetoka kaskazini. Alikuja kunywa chai kwenye banda lililo mbele ya duka langu, akamkuta Daktari, akaanza kwa furaha, maana alidhani analeta zawadi.

"Wallahi, Dakhtar, nimeona mtoto yako Tarbaj. Anaendesha bikibiki ya ofisi. Amefunga boksi ya dawa nyuma, mtandio amekaza, anapita kwa mchanga kama mwanaume."

Kila mtu alimtazama Daktari. Yeye akauliza, "Usukani yake ikoje?"

"Mimi nitajuaje usukani?" yule mtu alishangaa. "Lakini anaendesha fizuri sana."

Daktari aliinuka, akaaga vizuri kila mtu kwa zamu yake, akaondoka. Chai yake ilibaki pale pale na sukari yake yote. Sikuwahi kumwona akiacha chai.

Baada ya hapo ndipo mkono ulipoanza kumwacha. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umekula hisia za vidole vyake. Niliona siku alipokamata glasi ya chai ya moto akaishikilia akizungumza, na ngozi ikawa nyekundu, naye hana habari. Nilipomwambia aliiweka chini haraka na kujidai alikuwa akijipasha moto, Garissa hii, saa sita mchana. Lakini usukani aliendelea kuufungua na kuufunga. Nilimtazama akikaza ile nati akingoja kusikia kitu ambacho vidole havikumpelekea tena, na kwa kuwa hakusikia, alikaza zaidi.

Sasa niseme kuhusu siku aliyoniita.

Ilikuwa likizo ya shule, na binti amekuja kutoka Tarbaj na watoto wake. Amekuwa mama mtu mzima, afisa mkubwa, mwenye miwani, mwenye kucheka polepole. Daktari aliniletea ujumbe nije kabla ya alasiri, nije na grisi na seti ya koni. Nilimkuta ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, kanzu imepigwa pasi. Pikipiki imesafishwa yote, hata nusu ya nyuma. Mnyororo una mafuta. Nilijua basi kuna jambo.

"Hola, kaa," alisema. "Kitu ya mtu ikirudishwa lazima kuwe na shahidi."

Mkewe akatoka, binti akatoka. Daktari akatoa ufunguo mfukoni. Ulimtoka mara mbili kwenye vidole, na hakuna aliyejaribu kumsaidia.

"Hii ni ngamia yako," alimwambia binti. "Nilikufunga nayo kitovu. Chukua."

Binti aliupokea kwa mikono miwili. Aliiendea pikipiki, akapiga magoti kwa taabu kidogo akiwa ameshika kiuno, akaikamata miguu ya mbele, akafumba macho, akavuta na kusukuma. Akainuka, akaniomba tuiweke kwenye kreti. Akausimamisha usukani katikati na kuugusa kwa kidole. Haukuanguka. Akauzungusha kwa mkono, nami niliyekuwa karibu nilisikia pale katikati ukisita na kukwaruza.

Alimtazama baba yake.

"Aabo," alisema. "Usukani bado."

Nilitaka ardhi inimeze. Daktari alishtuka kama mtu aliyepigwa, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kweli?"

"Kweli. Imekazwa sana. Koni imechimbika." Akanigeukia na kuniita ami kwa lugha yao. "Adeer, umekuja na hiyo seti?"

Nilimpa. Alivua miwani, akaufunga mtandio nyuma ya shingo kama zamani, akaomba spana na mafuta ya taa. Mkewe Daktari aliingia ndani akarudi na kichujio cha chai bila kuambiwa. Tukakaa pale sisi watatu tukimtazama akifanya kazi. Watoto wake walikuja wakaangalia kidogo, wakachoka, wakaenda zao. Alitoa koni zilizochimbika akagongea mpya, akalaza gololi kwenye grisi, akakaza nati, akalegeza kidogo, akasikiliza. Mkono ule ule. Daktari alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, akifuata kila kitu kwa midomo.

Alipomaliza aliugusa usukani na ukaangukia upande wake, polepole, bila kusita.

"Aabo, kuja usikie."

"Mimi sisikii tena," alisema Daktari, na akainua vidole vyake tuvione.

Binti alimwinua, akamleta, akaukunja mkono wa kanzu yake mpaka kwenye kiwiko, akalaza ule mkono wa baba yake juu ya usukani, ngozi ya ndani, pale ambapo bado palikuwa na hisia. Kisha akausukuma kidogo. Usukani ulianguka na mkono ukiwa juu yake. Akaurudisha, ukaanguka tena. Mzee alifumba macho.

"Ilikuwa hivi," alisema akiwa ameyafumba. "Ile siku uliomba ufunguo ilikuwa hivi hivi. Ilikuwa sawa. Watu sikuogopa. Niliogopa utaenda."

Binti alikuwa akijifuta grisi kwa kitambaa, kidole baada ya kidole.

"Najua, Aabo. Ulikuwa ukienda msikitini mimi naishika. Kila siku naishika. Nilikuwa nangoja wewe useme."

Mama yake alijifunika uso kwa ushungi. Mimi niliokota spana ambazo hazikuhitaji kuokotwa. Sijui mwanamume afanye nini uani kwa watu wakati kama huo.

Daktari alimwambia aichukue basi, kuna lori la mtu anayemfahamu, litaipeleka mpaka Tarbaj. Binti alicheka kile kicheko chake cha polepole, akashika kiuno.

"Aabo, mimi sasa napanda gari ya ofisi. Hii kiuno haitaki tena bikibiki. Ingekuwa zamani, wallahi ningefika nayo mpaka Mandera."

Aliurudisha ufunguo kwenye mfuko wa kanzu ya baba yake, akaupigapiga mfuko kwa nje, akaenda kunawa kwa ajili ya sala. Likizo ilipoisha alipanda basi na watoto wake.

Pikipiki ipo hapo hapo uani, kwenye kreti, soksi zake za ngozi miguuni. Daktari haifungui tena. Anakuja dukani kwangu kwa fimbo, anakaa, anakunywa chai bila sukari kwa hasira, hanunui kitu. Juzi boda mmoja kijana aliyemkuta hapo alitaka kumchokoza kwa ule utani wa mtaa, akamuuliza, "Dakhtari, leo vipi, usukani bado?"

Watu walianza kucheka. Mzee aliweka glasi chini, akiitafuta meza kwa macho kwanza kwa kuwa mkono haukumwambia imefika.

"Usukani iko sawa," alisema. "Mwenyewe ndio hayuko."